Wakuu, huku kijijini mwalimu wa kilimo ni muuza duka la dawa. Tunafanyaje?

JembeLaMkono

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo naomba mnivumilie maana hili jambo nimekaa nalo moyoni miaka.

Mimi ni mkulima wa mahindi na kunde, ekari tatu, wilaya ya Kilosa upande wa Dumila, nalima mimi na mke wangu na vibarua wawili watatu wakati wa palizi. Masika ya 2018 mahindi yalikuwa yamefika magotini, kijani kibichi, mvua zimekaa vizuri, nikajua mwaka huu naezeka nyumba. Asubuhi moja naingia shamba nakuta majani yana vidirisha, yani kama mtu kakwangua jani akabakiza kile kingozi chembamba tu unaona upande wa pili, na kwenye moyo wa mmea kumejaa kitu kama vumbi la mbao lililoloa. Nikapasua mmoja nikakuta kiwavi kajikunja mle ndani, nikapasua wa pili yumo, wa tatu yumo.

Huyu mdudu alikuwa mgeni. Afrika kaanza kuonekana 2016 huko magharibi, Tanzania kaingia mapema 2017, kwa hiyo wakati ule wengi hata jina tulikuwa hatujui, ndo huyu leo tunamwita kiwavijeshi vamizi. Basi nikafanya kile ambacho kila mtu huku anafanya, nikaenda dukani. Mwenye duka hayupo kaacha kijana, nikamwambia wadudu wanamaliza mahindi, hakuniuliza wadudu gani, wakubwa wadogo, mahindi yana wiki ngapi, hakuna. Akainama chini ya kaunta akatoa galoni, akanipimia kwenye kichupa cha maji ya kunywa, hakina lebo hakina chochote, akaniambia weka vifuniko viwili kwenye bomba moja. Elfu sita. Nikapiga saa sita mchana jua la utosi maana bomba la kuazima lilinifikia muda huo. Wiki moja baadae wadudu wako vile vile, nikarudi, akaniongezea kichupa kingine akasema vifuniko vitatu. Mpaka leo sijui kwenye ile chupa kulikuwa na nini. Mwaka wa nyuma yake nilivuna gunia 27, mwaka ule nikavuna gunia nne.

Sasa nisikilizeni hapa ndo penye uchungu wangu. Mwezi wa nane mwaka huo huo nikaenda Nane Nane Morogoro. Kwenye banda moja kuna dada kaweka kiwavi hai kwenye kisahani, akanipa kioo cha kukuzia akaniambia baba angalia usoni, unaona mstari kama herufi Y iliyopinduliwa? Nikaona. Angalia karibu na mkia, unaona madoa manne meusi yamekaa kama pembe za meza? Nikaona. Akasema mdudu huyu piga angali mdogo, piga asubuhi sana au jioni jua likishuka maana mchana anajificha, na elekeza bomba kwenye moyo wa mmea sio juu ya majani, akishakuwa mkubwa ile takataka yake inaziba kama kizibo dawa haimfikii. Basi. Dakika kumi.

Elimu yote niliyokuwa naihitaji ilikuwa ya dakika kumi, ila imenifikia mwezi wa nane wakati mimi niliihitaji mwezi wa nne.

Na sio kwamba nchi haina wataalamu. Wilaya yetu hii hii kuna kituo cha utafiti Ilonga, Morogoro mjini kuna chuo kikuu cha kilimo, SUA, tangu 1984. Siwalaumu, mtafiti kazi yake kutafiti na wametafiti. Nachosema ni kwamba siku mdudu anaingia shambani, mtu pekee ambaye nina uhakika nikienda nitamkuta, amefungua mlango, anaongea lugha yangu na ana kitu mkononi cha kunipa, ni muuza duka. Kwa hiyo yeye ndo mwalimu, tupende tusipende. Anafundisha kipimo, anafundisha mbegu, mbolea, mpaka dawa ya kuhifadhia, na anafundisha kile kilichobaki kwenye shelfu.

Naomba wenye uzoefu, kwenu elimu ya kilimo inamfikiaje mkulima wa ekari mbili tatu? Nini kimefanya kazi kweli, sio kwenye makaratasi.

---

bwanashamba_kata

Mkuu pole sana. Mimi ni afisa ugani, mkoa sitautaja. Nitasema ukweli bila kujitetea.

Nina vijiji vinne. Pikipiki nilipata zile zilizogawiwa 2022, nashukuru, kabla ya hapo nilikuwa natembea au naomba lifti. Lakini pikipiki inakunywa mafuta, na mafuta yakichelewa mimi natumia mfukoni mwangu au nakaa. Halafu kazi sio ugani peke yake. Mtendaji wa kijiji akihamishwa nakaimu mimi, kuandikisha wakulima wa ruzuku ni mimi, ukikaribia mwenge ni mimi, takwimu za mavuno ni mimi. Mwezi wa nne unaousema, mwezi ambao kiwavi anaingia, ndo mwezi nina vikao vingi kuliko yote.

Kwa hiyo nikaamua kitu kimoja, siwezi kumtembelea kila mkulima, haiwezekani na nikijaribu nitadanganya kwenye ripoti. Nafanya shamba darasa moja kila kijiji. Kwa wasiojua, hii njia ilianzia Indonesia 1989 kwenye mpunga, kule walikuwa wanapiga dawa mpaka wanaua wale wadudu rafiki wanaokula wadudu waharibifu, tatizo linazidi, ndo ikaonekana mkulima afundishwe kuangalia kwanza kabla ya kupiga. Kikundi cha watu 20 hadi 25, kieneo kidogo cha shamba, mnakutana kila wiki msimu mzima kuanzia kupanda mpaka kuvuna. Sio semina ya siku moja hotelini.

Kwenye kiwavi tunafanya hivi, tunatembea shamba kwa mtindo wa herufi W, tunasimama sehemu tano, kila sehemu tunakagua mimea kumi, tunahesabu iliyoshambuliwa. Kati ya hamsini ikiwa ni miwili mitatu tunaponda kwa mkono tunaondoka. Ikiwa kumi na mahindi bado madogo hapo tunaongea habari ya dawa. Mama mmoja kwenye kikundi changu hajui kusoma lakini anabeba punje za maharage mfuko wa kulia, kila mmea ulioliwa anahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto, akifika mwisho wa shamba anahesabu. Yule sasa hivi majirani wanamwita kuwakagulia kabla hawajaniita mimi, na mimi nafurahi.

---

kijana_wa_mazimbu

Mi naona mnazunguka sana jamani. Karne hii elimu ni simu. Kuna M-Kilimo ya wizara, kuna magrupu ya WhatsApp ya kila zao, kuna video YouTube za Kiswahili kibao, mtu anapiga picha jani anatuma anajibiwa ndani ya nusu saa. Kwanini tusubiri afisa mwenye pikipiki isiyo na mafuta?

---

JembeLaMkono

Kijana simu ni nzuri na mimi naandika hapa kwa simu. Lakini njoo kitongojini kwetu uhesabu. Kaya nyingi simu ni moja na ni kitochi, haionyeshi picha, na anayo baba. Smatifoni zipo kwa vijana ambao wengi hawalimi. Bando likiisha limeisha mpaka auze kuku. Na mtandao kwangu mimi unashika ukipanda kichuguu nyuma ya nyumba.

Halafu kwenye hayo magrupu nimekaa miaka mitatu. Mtu anatuma picha ya jani la njano, watu kumi wanajibu vitu kumi. Mmoja anasema mbolea imepungua, mwingine ni ugonjwa, mwingine anaweka namba yake ana dawa. Yupi mtaalamu yupi muuzaji huwezi kujua. Ni lile lile duka langu la kichupa, limehamia tu kwenye simu.

---

kijana_wa_mazimbu

Hapo kwenye wauzaji nimekuelewa mkuu. Sikuwa nimeliangalia hivyo.

---

Mama Karanga

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ni mwanamke mkulima, karanga na mahindi, Kongwa. Kuna kitu hamjakigusa nataka nikiseme maana mmeongea kiwavi tu na mmeongea kama wakulima wote ni kina baba.

Hiyo meseji ya ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 inaenda kwa nani? Kwa namba iliyosajiliwa, na iliyosajiliwa ni ya mume. Mkutano wa kilimo unaitishwa saa nne asubuhi, saa nne mimi niko kisimani au niko shamba. Anaenda yeye anakaa kule anarudi namuuliza wamesema nini, ananijibu wamesema tulime kisasa. Hapo elimu imekatikia mlangoni.

Na mahindi yakishaingia nyumbani ni ya nani? Ni ya kwangu. Kuanika ni mimi, kupukuchua, kupepeta, kuchagua, kuweka stoo, kupeleka mashineni, kupika. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi, inaingia mle mle, kwenye mikono yetu sisi, na sisi ndo hatujafundishwa. 2016 huku Dodoma na wenzetu wa Manyara watu waliumwa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, wagonjwa 68 wakafa 20. Ishirini! Macho yanakuwa ya njano, tumbo linajaa, wengi ni watoto. Watu wakaanza kusema ni uchawi, wengine wakasema maji yametiwa sumu. Na ilikuwa ni ugali.

Mimi sikujua mpaka baada ya yale. Nilikuwa naanika mahindi chini kwenye udongo, mvua ikipita nakusanya naanika tena. Yaliyoota ukungu nachambua nawapa kuku, au anakuja mama wa pombe anayachukua bei ya chini. Dada mmoja alikuja kwenye kikundi chetu cha kukopeshana akatufundisha, hakuja na projekta wala nini, alikuja na chupa ya soda tupu na chumvi.

Unachukua chupa ya kioo kavu kabisa, unatia mahindi mpaka kama theluthi, unatia chumvi kavu kijiko kimoja, unafunika unatikisa kwa nguvu, unaiacha robo saa. Ukiona chumvi imenata kwenye kioo kama ukungu wa asubuhi basi mahindi bado mabichi, rudisha kwenye turubai. Chumvi ikidondoka chini yote kioo kikabaki safi, ujue unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, hapo ongeza kama siku moja mbili za jua ufike 13 na nusu ndo uweke ghalani. Chumvi tu. Kila nyumba ina chumvi. Nimeanika mahindi chini miaka kumi na nne na chumvi iko jikoni kwangu, hakuna aliyeniambia.

Na akatuambia kitu kingine kilichoniuma, kwamba ile sumu haiishi kwa kupika. Chemsha utakavyo haitoki. Kuchambua punje zilizobadilika rangi na kukoboa kunapunguza, lakini hizo ulizochambua haziliwi, hazipikiwi pombe na kuku hawapewi.

---

MwanaMakueni

Mama Karanga umenigusa sana. Mimi niko Makueni, Kenya. Hii kitu sisi tuliiona 2004, watu 317 walishikwa na ugonjwa na 125 wakafa, wengi hapa kwetu na Kitui. Mvua ilinyesha wakati mbaya mahindi yakaingia kwa nyumba yakiwa bado na maji, watu wakayaweka ndani pale wanalala. Hiyo njaa ilikuwa mbaya huwezi ambia mtu atupe gunia.

Venye nimeona, elimu ilishika watu wakati ilitoka kwa mtu wanamjua. Kwa baraza ya chifu watu walikuwa wanasikiza tu wakienda nyumbani wanafanya venye walikuwa wanafanya. Lakini chama ya kina mama wakinunua turubai pamoja, wiki hii iko kwangu wiki ijayo iko kwako, hapo ndio tabia ilibadilika, juu ukianika chini jirani yako anakuona na turubai iko. Siku hizi pia kuna Aflasafe, kitu ya kuzuia hiyo sumu mahindi ikiwa bado shambani, hiyo unarusha kwa shamba wiki mbili tatu kabla mahindi itoe maua, inasaidia sana, lakini lazima mtu akuonyeshe wakati wa kurusha, ukichelewa umepoteza pesa.

Na msisahau hii mambo inafika hadi sokoni. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia juu ya hiyo sumu, baada ya siku chache wakafungua na masharti. Sheria ya Afrika Mashariki ni sehemu kumi kwa bilioni, ukipita hapo si chakula. Mama wa Kongwa akianika vizuri hata mimi huku nakula salama.

---

JembeLaMkono

Nimesoma hizi post mbili nikamsomea na mke wangu, akanyamaza kidogo akasema kesho tunatafuta chupa.

---

NyanyaIlula

Mimi nitakuwa mfupi. Nalima nyanya Ilula, Iringa. Kantangaze, yule mdudu anayemaliza nyanya, alivyokuja (nchini aliingia 2014 akianzia kaskazini) tulichanganya dawa tatu kwenye bomba moja, tukapiga kila siku ya tatu, hafi. Mdudu anakaa NDANI ya jani unamuona kama kijinjia cheupe, dawa nyingi za kugusa tu hazimpati. Aliyenifundisha sio mtaalamu, ni mkulima mwenzangu aliyekaa msimu mmoja kwenye shamba la majaribio. Akanionyesha kwenye lebo kuna namba ya kundi la dawa, ukinunua dawa mbili majina tofauti lakini kundi moja umenunua kitu kile kile mara mbili, mdudu anazoea. Badilisha kundi. Af ile rangi chini ya lebo, nyekundu ndo hatari zaidi, kisha njano, buluu, kijani. Na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, mimi nilikuwa napiga jioni asubuhi nachuma napeleka sokoni, nalisha watu sumu na sikujua. Hilo linanisumbua mpaka leo.

Ndo maana naungana na mleta uzi, dawa ya kupimiwa kwenye kichupa umenyang'anywa lebo, na lebo ndo darasa lenyewe. Ukipimiwa kataa.

---

Mkaka_wa_Manispaa

Tuwe wakweli wakuu. Nimefanya kazi na miradi miaka minane. Wakulima wenyewe ndo tatizo, ukiwaita bila posho hawaji, ukiwaita na posho wanakuja wanasaini wanaondoka. Shamba la mfano mradi ukiisha linageuka pori. Elimu inatolewa, hawaitaki.

---

bwanashamba_kata

Mkuu hilo la posho lipo sikatai, nimeliona kwa macho. Lakini jiulize kwanini. Mtu anaacha kibarua cha elfu tano kuja kukusikiliza unamwambia apande kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, kitu ambacho alikisikia mwaka jana na juzi, na huulizi shamba lake lina shida gani. Siku niliyoitisha mkutano nikasema leo tunakagua kiwavi kwenye shamba la fulani, kila mtu aje na jani lake lililoliwa, walikuja 40, sikutoa hata soda. Mada ilikuwa ya kwao na ilikuwa ya wiki ile.

Shamba la mfano linakufa kwa sababu linawekwa kwa mtu mwenye uwezo, kando ya barabara ili wageni walione. Mimi la kwangu nimeweka kwa mama mjane mwenye ekari moja na nusu, mbegu na mbolea yake mwenyewe, kapima DAP kwa kisoda kila shimo. Jirani anajua yule mama hana hela, kwa hiyo akiona mahindi yamebeba hana cha kusingizia.

---

Mzee wa Kibaoni

Vijana wangu, mimi ni mtu mzima naandikiwa na mjukuu wangu hapa. Nataka kuwakumbusha jambo maana naona mnatafuta kitu ambacho nchi hii ilishakuwa nacho.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio inaitwa Mtu ni Afya, halafu 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mimi nilikuwa kijana mdogo. Redio kwetu ilikuwa moja, ya mwenyekiti, inawekwa juu ya kiti chini ya mwembe. Watu wanakaa kwa vikundi, kila kikundi kina kiongozi aliyefundishwa na kina kitabu chepesi chenye picha. Kipindi kinasikilizwa, kikiisha redio INAZIMWA. Hapo ndo darasa linaanza. Kiongozi anauliza, hili lililosemwa hapa kwetu lipo? Tunafanya nini? Nani anaanza? Wiki inayofuata kabla ya kuwasha redio mnaulizana, fulani ulisema utachimba choo umechimba? Baba yangu alichimba wiki ile ile kwa aibu ya kuulizwa mbele za watu. Watu milioni mbili walishiriki ile ya kwanza, na nchi haikuwa na simu wala lami ya kutosha.

Sasa hivi redio zipo kila kona, mpaka wilayani kuna redio za jamii, vipindi vya kilimo vinatoka kila siku. Lakini kila mtu anasikiliza peke yake huku anafanya kazi nyingine, kipindi kikiisha kimeisha, hakuna wa kumuuliza umefanya nini. Rudisheni kikundi. Redio bila kikundi ni kelele ya jirani.

---

Mama Karanga

Mzee wangu shikamoo. Hicho ndo kilichotokea kwetu kwenye kikundi cha kukopeshana, wiki iliyofuata dada alirudi akatuambia kila mtu aonyeshe chupa yake. Aliporudi ndo tukajua alikuwa hatanii.

---

kijana_wa_mazimbu

Mzee shikamoo. Nimejifunza. Nina swali kwa mleta uzi, kama muuza duka ndo mwalimu, kwanini tusimsomeshe yeye? Yupo pale kila siku, hahitaji mafuta ya pikipiki, na akishauri vizuri mteja anarudi.

---

JembeLaMkono

Kijana hapo ndo nilikuwa naelekea. Mimi simchukii yule kijana wa duka. Alikuwa na miaka kama 19, kaachiwa duka kwa ndugu yake, hakuna aliyemfundisha na yeye. Kisheria muuza viuatilifu anatakiwa awe amepata mafunzo na kibali, ila aliyepata mafunzo ni mwenye leseni, na mwenye leseni hakai dukani. Mafunzo yamfuate yule anayesimama kaunta siku ile mimi nafika. Afundishwe maswali matatu tu, nionyeshe jani, mahindi yana wiki ngapi, umeshapiga nini. Na awe na kisahani cha viwavi waliokaushwa nilinganishe. Na kichupa cha kupimia kipigwe marufuku kweli kweli, kama mtu hana hela ya chupa ya lita kampuni zitengeneze za mililita hamsini zenye lebo ya Kiswahili.

Lakini sio yeye peke yake maana bado ni muuzaji, hawezi kuniambia usinunue. Mtu wa kuniambia ponda kwa mkono, au subiri, au hiyo mbegu ni Staha unaweza kuihifadhi mwenyewe ukapanda tena msimu ujao usinunue, ila hiyo chotara usirudie, huyo lazima awe mtu ambaye hauzi. Kwa hiyo duka lifundishwe, na kikundi kiwepo cha kulisahihisha duka.

---

NyanyaIlula

Na mbegu jamani angalieni lebo ya kukwangua ya TOSCI, wale wanaothibitisha ubora wa mbegu, unakwangua unatuma ile namba unajibiwa kama ni halali. Nusu ya jirani zangu hawajui ile kitu ni ya nini wanadhani ni ya bahati nasibu.

---

MwanaMakueni

Kwa stoo pia msisahau yule mdudu wa kutoboa, sisi tunamuita Osama.

---

JembeLaMkono

Huku ni dumuzi, wazee wanamwita Skania, aliingilia Tabora miaka ya sabini mwishoni. Kwa huyo mimi natumia ile mifuko ya tabaka tatu, mifuko miwili ya plastiki ndani na sandarusi nje, unafunga kila mmoja peke yake hewa isiingie mdudu anakosa pumzi anakufa, hakuna dawa ya unga. Nilinunua elfu tano mmoja, mwaka wa pili huu naitumia. Lakini mahindi yawe yamekauka kwanza kama alivyosema Mama Karanga, ukifungia mabichi humo unatengeneza ukungu mwenyewe.

---

JembeLaMkono (mrejesho)

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu kama nilivyoahidi PM kwa baadhi yenu.

Tumeanza. Hatuna mradi hatuna mfadhili. Tumechagua Jumamosi saa kumi jioni, mahali ni mashine ya kusaga, kwa sababu kina mama wapo pale wanasubiri foleni hata bila kuitwa. Mwenye mashine kakubali tubandike karatasi ukutani, wiki hii angalia nini shambani, maandishi makubwa na mchoro, anachora binti yangu wa kidato cha pili. Bwana shamba wetu nilimfuata nikamwambia sihitaji uje kila wiki, nijibu simu tu Ijumaa jioni tukiwa tumekwama, kakubali na Jumamosi ya kwanza alikuja mwenyewe.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya chumvi. Kila aliyeleta mahindi kusaga tulimwomba konzi mbili tatu. Chupa tulikuwa nazo kumi na moja, tukapima kaya 11, tukazipanga juu ya benchi la mashine tukakaa tunaziangalia robo saa nzima watu kimya. Chupa saba chumvi iligandia kwenye kioo. Mojawapo ni ya kwangu, na mimi ndo niliyeitisha. Mke wangu alibeba lile debe akarudi nalo nyumbani hakusaga, jioni tukala mihogo.

Kijana wa duka alikuja pia. Sio yule wa 2018, yule alishahama, huyu ni mwingine, kakaa nyuma karibu na mlango. Mwisho akaniuliza kama anaweza kuleta chupa za dawa alizonazo tuzisome lebo pamoja kwa sababu mbili haelewi ni za nini. Nimemwambia alete Jumamosi.

Bwanashamba_kata, naomba unitumie ile namna ya kukagua kwa herufi W kwa maneno mepesi kabisa, nataka binti aichore, tarehe za kupanda zimekaribia na karatasi inayofuata ni ya kiwavi.

---

bwanashamba_kata

Naandika usiku huu. Mwambie binti achore na punje za maharage mfuko wa kulia na wa kushoto.